Wasemaji Watatu wa Safari Isiyoondoka

Benchi lenyewe lilikuwa ubao mrefu ulioegemezwa ukuta wa duka la kushonea nguo, pale barabara mbili zinapokutana, na mguu wake mmoja ulikuwa tofali. Upande wa tofali hautikisiki, ndiyo maana hapo alikaa Wakili, ambaye maisha yake yote ya kazi alikuwa tarishi wa mahakama, mbeba mafaili ya watu, na alipostaafu akarudi nyumbani na sauti ya hakimu. Katikati alikaa Spana, fundi magari, ambaye kucha zake hazikuagana na grisi hata siku ya harusi yake. Upande wa kutikisika alikaa Redio, kinyozi. Habari ikiingia kwake na ndevu hutoka imenyolewa, na ikiingia imenyolewa hutoka na ndevu. Mkabala wao, juu ya kigoda, Shangazi aliuza kahawa na kulinda vikombe vyake kwa jicho. Mwenye duka mwenyewe aliitwa Sentimita, kwa kuwa humpima mteja mara mbili, kisha akaomba radhi na kumpima tena. Alikuwa mtu wa maneno machache, na kijiwe kile kilimfaa, kwa sababu kilikuwa na sheria moja tu iliyoheshimiwa: mwenye shida haendi kuisemea shida yake. Akienda atakasirika, au atalia, au atakubali upesi mno. Kwa hiyo wenzake huenda kumsemea. Sheria hiyo iliwahi kumwokoa Spana asifukuzwe gereji, na tangu hapo hakuna aliyeitilia shaka.

Asubuhi hiyo Sentimita alitoka dukani utepe wa kupimia ukining'inia shingoni, ameishika simu kama mtu aliyeokota kitu asichojua ni cha nani.

— Wamenipigia, alisema.

— Kampuni? aliuliza Wakili.

— Kampuni.

Hakuna aliyeuliza kampuni gani. Mtaa mzima ulijua kwamba Sentimita alikuwa amelipia safari ya watu wawili, yeye na dada yake mkubwa, kwenda kwenye maporomoko ya maji ambako dada huyo alizaliwa. Mtaa ulijua pia kwamba siku ya safari walikaa kituoni tangu giza la alfajiri, dada amevaa gauni la buluu aliloshonewa kwa ajili ya siku hiyo, amekalia begi lake, na basi halikuja. Dada alikuwa akisema, "Labda mvua imewachelewesha," na mvua haikuwapo. Walirudi nyumbani wafagiaji walipoanza kuwafagilia miguuni.

— Wamesemaje? aliuliza Spana.

— Ndiyo hapo sijawaelewa. Yule binti wa ofisini kaanza na pole. Pole sana, mzee wangu, pole mno.

— Safi kabisa! Wakili alijipiga goti. Ukisikia kampuni inatamka pole, ujue imekiri kosa. Nimeona kesi zinakwisha kwa neno hilo hilo moja.

— Kisha akanyamaza. Nikamsikia anavuta kamasi.

— Mafua?

— Analia, Spana. Nikamwambia, usilie binti, ni safari tu, ndiyo kwanza akazidi. Akasema nisijisumbue kwenda ofisini, watakuja wenyewe. Leo.

Spana alikaa wima.

— Waje kufanya nini?

— Sijui. Nimeuliza kama wanakuja na tarehe mpya. Kasema, mzee wangu, hayo tuyaache kwanza, wewe jipe moyo.

Wakatafuna jambo hilo pamoja na kahawa. Wakili ndiye aliyemeza kwanza.

— Wanakuja kumalizana nawe nje ya mahakama. Watakuja na karatasi na mtu mwenye miwani. Usitie sahihi. Hata wakikuomba ujaribu kalamu kama inaandika, usijaribu.

— Karatasi gani, Wakili? Spana alidaka. Wale wanakuja kuficha ushahidi. Mimi nimelitazama basi lao kwenye tangazo, nimelitazama kifundi. Taa za mbele za aina moja, vioo vya aina nyingine, matairi sita upande mmoja. Basi lile halipo duniani. Limechorwa.

— Watu wamesafiri nalo, alisema Shangazi.

— Unamjua hata mmoja?

— Simjui.

— Umeona! Basi limechorwa, kituo kimechorwa, na mimi siku hizi nashuku hata maporomoko yenyewe.

— Dada kazaliwa pale, alisema Sentimita.

— Kuzaliwa kazaliwa, sijakataa. Lakini wewe umewahi kuyaona?

Sentimita alifikiri. Kusema kweli hakuwahi. Familia ilikuwa imehama kabla yake, naye alizaliwa huku mjini, wa pekee kati ya watoto wa mama yao ambaye hakuoga maji yale. Mama alipofariki, dada ndiye aliyeacha shule akamlea, na kila alipomwogesha kwenye beseni alimwambia maporomoko yanaanza kusikika kabla hujayaona, kwamba mtu hutembea ndani ya mlio kwanza, ndipo anapoona weupe kati ya miti, na kwamba chini yake kuna jiwe bapa ambalo mama alifulia. Aliahidi kumwonyesha jiwe hilo. Sasa macho ya dada yalikuwa yakifunga kidogo kidogo kama duka linaloelekea jioni. Wiki iliyopita Sentimita alimwomba uzi mwekundu, dada akampa wa kahawia, na wote wawili wakajifanya hawakuona. Na kiangazi kilikuwa kinaingia. Kikishakolea, pale panabaki ukuta mkavu wa mawe hadi mvua nyingine. Mvua nyingine dada hataona kitu.

— Yapo, alisema.

— Haya, yapo, alisema Spana, kwa upole wa mtu anayemwachia mgonjwa.

Shangazi alikuwa akimtazama Redio.

— Na wewe leo vipi? Umeishiwa betri?

— Nasikiliza tu, Shangazi.

— Hujawahi kusikiliza tangu nikujue.

Hilo likamfanya Sentimita amgeukie, kisha awageukie wote, mmoja mmoja, kama anayetafuta pindo lililofumuka.

— Ngojeni. Nani kati yenu aliyekwenda ofisini kwao kunisemea?

— Mimi, alisema Wakili.

— Mimi, alisema Spana, pale pale.

Wakatazamana.

— Wewe ulikwenda lini? Tulikubaliana ni mimi!

— Tulikubaliana ni wewe, ukasema goti linakuuma.

— Liliniuma asubuhi! Mchana nikaenda!

— Haya, alisema Sentimita. Wakili, ulisema nini?

Wakili alijiweka sawa kwenye upande wake usiotikisika.

— Nilijitambulisha kuwa mwakilishi wako kisheria. Nikawaambia kesi imekwisha funguliwa na hakimu ana hasira. Nikadai nauli irudi maradufu, na fidia ya usumbufu, na fidia ya umande.

— Umande gani?

— Si mlikaa alfajiri? Umande unaingia mifupani. Binti aliandika yote.

— Na wewe, Spana?

— Mimi nilitumia akili. Nilijiuliza, watu wawili tu, nani atawahangaikia? Nikasema mlioachwa kituoni mlikuwa basi zima. Akataka majina, nikampa majina ya mafundi wote wa gereji, pamoja na marehemu mmoja ambaye jina lake liliniponyoka tu. Nikasema hatutaki senti ya mtu, tunataka meneja aje apige magoti hapa kijiweni.

— Kwa hiyo, alisema Sentimita taratibu, mmoja amedai pesa maradufu, mwingine kakataa pesa. Mmoja amesema tupo wawili, mwingine basi zima. Na mimi mwenyewe nilikuwa nataka nini?

Shangazi aliacha kusuuza vikombe.

— Fidia, alisema Wakili.

— Heshima, alisema Spana.

— Nilitaka siku nyingine. Basi. Safari ile ile, siku nyingine, maji yakiwa bado yapo. Nilisema hapa hapa.

— Ulisema kwa sauti ndogo, Spana alilalamika. Mtu akisema kwa sauti ndogo sisi tunajuaje kama ndilo analotaka?

— Sasa yule binti alikuwa analia nini? aliuliza Shangazi. Umande?

Redio akasimama. Akasema ana mteja. Kiti cha kinyozi kilikuwa ng'ambo ya barabara, kinaonekana wazi, na kilikuwa kitupu isipokuwa paka.

— Kaa chini, alisema Shangazi.

Akakaa.

— Na wewe ulikwenda?

— Nilipita tu.

— Ukasema?

— Mimi nilifika wa mwisho, jamani. Mnajua nilikuta hali gani? Binti kachoka, ana karatasi ya Wakili huku, ya Spana huku, anazitazama kama mtu anayesoma kwa miguu. Nikaona jambo la ndugu yetu linazama. Kunahitajika kitu kimoja, chenye uzito, cha kuwanyamazisha wote. Ndiyo nikamwambia.

— Ukamwambia nini?

— Kwamba Dada Mkubwa amefariki.

Kahawa ya Sentimita ilimwagika gotini, wala hakushtuka.

— Amefanyaje?

— Amefariki. Kwa huzuni. Kituoni pale pale, juu ya begi. Redio alifuta jasho. Sikupanga, wallahi, maneno yalitangulia. Nikaona uso wa binti umebadilika, nikajua hapa nimefika. Nikaendelea kidogo.

— Kidogo kiasi gani?

— Nilieleza maziko.

— Redio!

— Yalifana, lakini! Watu walijaa hadi barabarani. Nilisema wewe ulishindwa kusema, kwa hiyo mimi ndiye niliyezungumza kwa niaba ya familia. Nilisema maneno mazuri sana, Sentimita. Kwamba alikulea kwa mikono yake. Kwamba hakuomba kitu duniani ila kuyaona maji yale. Nikaanza kulia mimi, akalia na yeye, meneja akatoka chumbani kwake akakuta tunalia.

Spana alikuwa amevua kofia, kisha akakumbuka, akaivaa tena.

— Nani alibeba jeneza? aliuliza.

— Wewe ulikuwa mbele.

— Ahsante.

— Mna wazimu nyie? alisema Shangazi. Mtu mzima mzima, nimemwona leo asubuhi anaanika shuka!

Sentimita alitaka kukasirika, lakini hakujua aanzie kwa nani. Kilichomchoma zaidi ni kwamba maneno ya Redio pale ofisini yalikuwa ya kweli yote, isipokuwa kifo na maziko.

— Sasa tutafanyaje? alisema. Wakifika?

— Tulia, alisema Wakili. Kisheria hakuna mtu aliyekufa bila cheti. Cheti kipo? Hakipo. Basi Dada yu hai, walau kwa muda.

— Kwa muda wa nini?

— Wa shauri. Ila ukisema yu hai, watasema ulidanganya, na madai yote yanaanguka. Ukisema amekufa, fidia unapata, lakini abiria ndiyo hana haja tena ya kusafiri. Ni jambo gumu. Nikiwa hakimu ningeahirisha.

— Mimi naona rahisi, alisema Spana. Injini inazima, unadhani imekufa, unaisukuma mteremko inawaka. Tuseme alizima. Tulipofika makaburini, gari likapita shimo, akawaka.

— Mbele ya watu waliojaa hadi barabarani?

— Ndiyo mashahidi hao!

— Au tuseme aliyefariki ni pacha wake, alisema Redio, ambaye rangi ilikuwa inamrudia. Wamefanana mno. Hata sisi tulizika tukiwa hatuna hakika.

— Au tuseme wewe ndiye uliyefariki, alisema Shangazi, na ikiwezekana ufanye kweli.

— Hilo nalo lina mantiki, alisema Wakili akifikiri. Msemaji akishafariki, maneno yake...

Hakumaliza, kwa sababu Dada Mkubwa mwenyewe alikuwa anakuja. Alikuja kandokando ya ukuta, kiganja kimoja kikiteleza juu ya matofali, mtandio umekaa vizuri, hatua za mtu anayeijua njia kuliko anavyoiona. Wote watatu wakasimama kwa pamoja. Benchi, lililopoteza uzito ghafla, likaanguka kutoka kwenye tofali lake, wakalirudisha haraka.

— Shikamoo Dada!

— Shikamoo!

— Shikamoo Dada, karibu, kaa hapa, hapana, kaa hapa pasipotikisika!

— Marahaba wanangu. Kuna nini leo? Mbona mnanipokea kama natoka hospitali?

— Unaonekana vizuri, Dada, alisema Redio. Unaonekana... upo.

— Nipo, baba. Sasa niwe wapi? Alikaa, akaielekeza sura upande ambao alimhisi kaka yake. Mdogo wangu, nimesikia umepigiwa simu. Wamesema lini?

— Bado, Dada.

— Sikuharakishi. Nauliza tu kwa sababu ya gauni. Nikiona halitavaliwa karibuni, nilikunje na majani ya kuzuia nondo. Alipokea kikombe cha Shangazi kwa mikono miwili. Jana nimejaribu kulikumbuka lile jiwe la mama, nikashindwa kukumbuka liko mkono gani. Ukisimama unayatazama maji, liko kulia au kushoto? Nimelala naligeuza tu kichwani. Nikifika nitajua mara moja. Hata kama ni kwa ukungu ukungu, mguu utajua.

Sentimita alitazama viatu vyake. Alikuwa na sentensi nzima tayari kifuani, imepimwa, imekatwa, imebaki kushonwa. Dada, wenzangu hawa wamefanya upumbavu, nami niliwaachia. Akafungua mdomo.

Gari likasimama mbele yao.

Lilikuwa gari dogo la abiria, jeupe, ubavuni limechorwa maporomoko ya maji kutoka juu ya madirisha hadi kwenye matairi. Spana alilitazama kama mtu aliyetokewa na mzimu. Akashuka dereva, mtu wa makamo, suruali nyeusi, shati jeusi lililofungwa hadi shingoni katika jua lile, mikononi kashika shada la maua. Alivua kofia.

— Poleni sana, wazee wangu. Shikamoo mama. Nimetumwa na kampuni. Msiba uko nyumba ipi?

Wakili alimtazama Spana. Spana alimtazama Redio. Redio alimtazama paka wake ng'ambo ya barabara.

— Kuna msiba? Dada Mkubwa alikiweka kikombe chini. Msiba mtaani, na nyie mmekaa mnakunywa kahawa? Ni nani?

— Abiria wetu, mama, alisema dereva, na akateremsha sauti. Tulimkosea. Mimi ndiye ningeendesha siku ile. Gari liliharibika, na hakuna aliyejali kuwapigia. Ofisini wamechanganyikiwa, huyu kasema basi zima, huyu kasema kesi. Meneja kasema, hayo yote yangoje, kwanza msiba. Alitaka sana kuyaona maporomoko, yule mama. Kwa hiyo kesho alfajiri tunakwenda kule, na kiti chake cha dirishani kitakwenda kitupu. Hatakaa mtu. Ni heshima ya mwisho tuliyoweza.

— Kesho? alisema Dada.

— Kesho, mama. Maji bado yapo. Wiki ijayo sijui.

Dada Mkubwa alisimama. Aliutengeneza mtandio wake kichwani, kama afanyavyo mtu anayekwenda kwa wafiwa, lakini miguu yake haikuelekea kwenye nyumba yoyote. Ilielekea kwenye ule weupe uliokuwa ubavuni mwa gari.

— Mwanangu, naona haya kusema neno kama hili mbele ya msiba, alisema. Lakini kiti kiende kitupu safari yote ile, na mimi nina begi limefungwa? Na yeye alitaka kuyaona, masikini. Nadhani asingeninyima.

Dereva alisita, shada mkononi.

— Mimi sina neno, mama. Ila ni lazima ndugu wa marehemu waridhie.

— Basi nitawaomba mwenyewe. Ndugu zake ni akina nani?

Macho yote yalimwendea Sentimita. Shangazi akainamisha birika juu ya kikombe kisicho cha mtu, likatoa tone moja na mvuke. Sentensi aliyokuwa nayo Sentimita kifuani sasa ilikuwa fupi sana, haikuzidi neno moja: mimi.

Dada alikuwa amekwisha fika kwenye gari. Kiganja chake kilipapasa yale maji yaliyochorwa, kikashuka nayo polepole, kikitafuta mlango.

— Au nitajieni jina lake tu, alisema bila kugeuka. Nikifika kule nimwombee.